Kuufuata Mtaimbo wa Yaya Etiene

Nilisafiri kwenda Buffalo kwa sababu shemeji yangu alikuwa hawezi kuvua nguo ya matanga. Sababu ni hiyo tu, sina nyingine. Sikwenda kuona maporomoko ya maji yanayosifiwa huko, wala sikuyaona.

Ili mnielewe ninyi mlioko nyumbani, nianze na kaka yangu. Etiene alikuwa mkubwa wangu, na kwa desturi ya kwetu Kalemie, mji ulio kando ya ziwa Tanganyika, nilimwita yaya. Baba yetu alikuwa mtu wa gangi ya reli, wale watu wanaotengeneza njia ya treni kwa nyundo na mtaimbo, na yaya alimfuata katika kazi hiyo. Mimi sikuifanya. Vita vilitukuta nikiwa mdogo tukakimbilia kambini Tanzania, na huko ndiko nilikosoma madarasa machache niliyosoma. Lakini nilizaliwa katika nyumba za reli, na desturi zake nazijua.

Moja ni hii. Jioni kazi ikiisha, kila mtu anaulaza mtaimbo wake chini, kando ya njia. Mtaimbo ukionekana umesimama kwenye kokoto baada ya filimbi ya jioni, maana yake mwenyewe hajarudi, na watu wanatoka kumtafuta. Na mtu wa gangi akifa, mtaimbo wake unapelekwa nyumbani kwake, na mjane wake anaulaza kwa mikono yake mwenyewe, ndani ya mlango. Hapo ndipo matanga yanapokwisha. Anaoga, anavua nguo nyeusi, anarudi kwa watu. Nilimwona mama yangu akifanya hivyo.

Tulipoletwa Marekani, mimi nilipelekwa Louisville na yaya akapelekwa Buffalo. Siku za kazi alikuwa kiwandani. Jumamosi alikwenda kwenye vilima vya kusini mwa mji, ambako wazee kadhaa walikuwa wakifufua reli ndogo iliyofungwa miaka mingi. Zamani ilikuwa ikipeleka watalii msituni, kisha daraja likabomoka, mwenye reli akashindwa, miti ikaota katikati ya mataruma, zile mbao zinazoshika reli. Ni reli nyembamba, nyembamba hata kuliko yetu ya Kalemie. Hakuna aliyelipwa pale. Yaya alinunua mtaimbo wake mwenyewe katika soko la vitu vikuukuu, akauchora alama tatu kwa tupa, kama wa baba. Kwenye simu alizungumza juu ya reli ile kuliko juu ya kiwanda.

Majira ya baridi moyo wake ulisimama, nyumbani, akiwa anavaa viatu. Theluji ilifunga barabara, sikufika kumzika. Mkewe, Mama Neema, alihamia Columbus karibu na ndugu. Mtaimbo ulibaki kule relini.

Mwezi wa nane mwaka 2015, mkubwa wa ukoo wetu aliyeko Columbus, Mzee Asukulu, alinipigia simu. "Luka," akasema, "Jumapili tunaondoa matanga. Baramini ya yaya yako iko kule kwa wazungu. Donc, basi, ni we mdogo wake utaifuata." Baramini ndiyo mtaimbo, kwa lugha yetu ya relini.

Alhamisi asubuhi niliondoka Louisville. Msimamizi wa ghala ninakopakia masanduku alinipa ruhusa bila maneno mengi. Basi lilivuka mto Ohio, likapita kwenye mashamba ya mahindi yasiyo na mtu hata mmoja ndani yake. Jambo hilo bado linanishangaza: shamba kubwa namna ile, na humwoni mwenye kulima. Cincinnati tulishushwa tukangoja basi jingine. Mama mmoja aliniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuchukua chuma cha kaka yangu. Akasema safari njema. Nafikiri hakunielewa, lakini alisema kwa moyo.

Columbus nilifika mchana. Nilipanda basi la mjini linalopita Morse Road, nikashuka Northland mbele ya duka la Waafrika linalouza dagaa tunaoita ndagala, majani ya muhogo ya barafu tunayoita sombe, na unga wa muhogo. Mama Neema anakaa nyuma yake, ghorofa ya pili. Alinifungulia mlango akiwa amevaa kitenge cheusi na kilemba cheusi, amekonda. Kabla ya msiba huyu ndiye aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanagonga ukuta.

"Karibu, shemeji. Mumeamuka muzuri kule Louisville?"

"Tumeamka salama, Mama Neema. Na wewe?"

"Mi niko."

Alinipa ugali, sombe na ndagala, akakaa mbali kidogo, upande wa mlango. Niliona kiti chake kimeelekezwa huko.

"Juu ya nini unakaa hapo?" nikamuuliza sababu.

"Shemeji, we unajua. Nguo hii si kitu, naweza kuivaa mpaka nizeeke. Kitu kinanichokesha ni kungoja. Ikifika ile saa yake ya kutoka kazini, masikio yanaenda kwa mlango. Najua alikufa. Nilimufunga macho na hii mikono. Lakini masikio hayajui." Akakaza kilemba chake, akasema, "Uniletee kile chuma nikilaze."

Nilimwambia nitakileta.

Nililala kwa Mzee Asukulu, na Ijumaa alfajiri Neema alikuja kunichukua. Ni binti yao wa kwanza, anatunza wazee katika nyumba moja kule Reynoldsburg, na gari lake ni dogo kama sanduku. Huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, mpaka akasirike au afurahi, ndipo Kiswahili kinatoka.

"Baba mdogo," aliniuliza kwa Kiingereza, "hicho kitu kina urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka sakafuni hadi kidevuni pangu.

Akaangalia gari lake. "Bon," akasema, sasa kwa Kiswahili, "kitakaa mbele, na weye utakaa ndani ya buti."

Tulipita Cleveland, na baada ya hapo ziwa Erie lilitufuata upande wa kushoto. Nilimwomba asimamishe gari mahali fulani pa kupumzikia ili niliangalie. Lilifanana na ziwa letu, Tanganyika, ila ng'ambo hakukuwa na milima. Nilisimama nikitafuta milima kama mjinga. Neema alisema baba yake naye alikuwa akifanya hivyo hivyo kila walipopita, na kila mara alisema labda leo ni ukungu.

Buffalo tulianzia makaburini. Nyasi zilikuwa zimeota vizuri juu ya kaburi la yaya. Niliomba, nikaokota jani moja lililoanguka, hatukukaa sana. Neema hakulia, mimi nililia kidogo.

Alasiri tulifika relini. Barabara inapanda kati ya mashamba ya mizabibu, halafu unaingia kwenye msitu, na hapo pana banda la mbao, kichwa cha treni kidogo chenye rangi nyekundu, na mabehewa mawili ya wazi. Harufu ya lami ya mataruma ilinirudisha Kalemie mara moja. Wazee wanane au zaidi walikuwa wakifanya kazi, wanaume kwa wanawake. Kesho yake treni ingepita kwa mara ya kwanza tangu reli ifungwe, si njia yote, ila kipande cha kutoka bandani hadi penye daraja lililobomoka. Watu wa vijiji vya karibu walikuwa wamealikwa.

Mzee mrefu mwenye suruali ya mikanda ya mabegani alikuja mbio. Huyo ni Walter, aliyekuwa akifanya kazi pamoja na yaya kila Jumamosi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaniangalia usoni, akasema kitu.

"Anasema una masikio ya baba," Neema akanitafsiria.

Kisha Walter akasema tumfuate, ana kitu cha kutuonyesha, wamekifanya kwa ajili ya Etiene. Tulitembea juu ya mataruma mapya mpaka mwisho wa njia. Vyuma vinakomea pale ukingoni mwa korongo, na mbele ya vyuma hivyo palikuwa na jiwe la zege, na juu ya lile zege ulisimama mtaimbo wa yaya. Walikuwa wameuchimbia ndani ya zege, umesimama wima, umepakwa rangi nyekundu kama kichwa cha treni, na chini pana kibao cha shaba chenye jina lake. Chini ya rangi niliziona zile alama tatu.

Walter alitueleza kwamba pale ndipo yaya alipoishia kazi kabla ya theluji. Yeye Walter ndiye aliyelijenga lile zege peke yake, kwa mawe ya daraja la zamani, mwezi mzima. Alikuwa akingoja niseme neno.

Nitasema kweli: nilirudi hatua moja nyuma. Kwao ilikuwa heshima, na heshima kubwa. Kwa mtu aliyezaliwa katika nyumba za reli, pale palikuwa na mtaimbo uliosimama jioni, na mwenyewe hajarudi, na hakuna aliyetoka kumtafuta. Walikuwa wameifanya hali hiyo ya milele, kwa zege.

Nikasema asante.

Jioni hiyo tulikaribishwa nyumbani kwa Walter na mkewe, Carol. Walitupikia kuku na viazi, wakatuonyesha picha za yaya akicheka akiwa na kofia ya mtu mwingine. Carol alisema yaya ndiye aliyewafundisha kunyanyua reli kwa kuitikiana. Chakula kilikuwa kizuri, nami nilikuwa nakimeza kama udongo. Tulipotoka nje barazani, Neema alinigeukia, na Kiswahili chote kilimtoka.

"Baba mdogo, sasa tutarudi na nini? Utamuambia mama kwamba kiko ndani ya sima, ndani ya lile zege?"

"Neema, ni wazee. Wamefanya kwa upendo. Kesho wana wageni."

"Na mama? Mama atakaa akiangalia mlango mpaka lini? Mi niko naishi naye, si weye. Akisikia ngazi inalia, anasimama. Kila siku anasimama!"

"Basi sema wewe, unajua lugha yao."

"Mi niko mtoto. Ni weye ulitumwa. Mi nitatafsiri tu."

Alikuwa na haki. Nilikaa pale nikipima. Nikinyamaza, nitakuwa mgeni mwema, na shemeji yangu atabaki kwenye kile kiti. Nikisema, nitabomoa kazi ya mikono ya mtu aliyempenda kaka yangu, asubuhi ya sikukuu yake. Sikupata njia ya tatu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, nilimwomba Walter tutembee tena mpaka mwisho wa njia. Nilimwambia yote jinsi nilivyowaambia ninyi: filimbi ya jioni, mitaimbo inavyolazwa, maana ya ule uliosimama, mama yangu mlangoni, na Mama Neema kwenye kiti chake. Nilisema pole pole ili Neema anifuate. Mwishoni nikamwambia, "Hamkukosea. Hamkujua. Lakini siwezi kurudi bila huo."

Walter aliangalia korongo. Halafu akavua kofia, akakaa juu ya chuma cha reli kama mtu aliyechoka. Nilifikiri nimemuumiza, na kweli nilikuwa nimemuumiza.

Alipoanza kusema, Neema alisita kabla ya kutafsiri.

"Anasema, kila Jumamosi jioni baba alikuwa anapita nyuma yao wote. Wakiacha mitaimbo imesimama, yeye anailaza, mmoja mmoja, halafu anawahesabu watu. Ndipo anaingia kwa gari." Akamsikiliza Walter tena. "Anasema walidhani anapenda usafi. Walikuwa wanamcheka, wanamuita mama wa nyumba."

Walter aliinuka, akaenda bandani. Alirudi na wengine wote, na nyundo kubwa mbili. Sijui aliwaambia nini njiani. Mzee mmoja alionekana kuchukizwa, akasema kibao kimegharimu kazi, na wageni watakuta shimo. Carol akamjibu neno moja fupi, ambalo Neema alikataa kunitafsiria.

Walter alipiga zege mwenyewe kwanza. Halafu akanipa nyundo, nami nikapiga. Zege lilipasuka lakini mtaimbo haukutoka, ulikuwa umeshikwa chini. Tukafunga mnyororo, tukajipanga, na hapo nikasikia jambo ambalo sikulitegemea maishani. Mzee wa Kizungu mwenye suruali ya mikanda alivuta pumzi, akaita kwa Kiswahili:

"Chuma!"

Na wazee wote wakaitikia, "Kizito!"

"Mikono!"

"Mingi!"

Ni wito wa gangi ya baba yangu. Walikuwa wanautamka vibaya sana. Neema alianza kucheka huku machozi yanamtoka, akaingia kwenye mstari akavuta. Mara ya tatu niliita mimi, kwa sababu sauti ya Walter ilikuwa imekwisha. "Chuma!" "Kizito!" Mtaimbo ukatoka, ukiwa na bonge la zege mguuni kama kiatu. Tulilivunja bonge, tukajaza shimo kwa kokoto, na kibao Carol akakipigilia ukutani bandani.

Saa za mchana treni ilipita. Watu walipiga makofi, na mle behewani kulikuwa na watoto wengi wanaokula aisikrimu. Kichwa kile kidogo kilikwenda polepole mpaka penye kokoto mpya, kikasimama. Nilipanda. Nilishika chuma cha pembeni nikahisi mataruma aliyoyaweka yaya yakipita chini yangu, na njia ilikuwa laini. Mtu mmoja aliuliza ile kokoto ya mwisho ni ya nini. Walter akamwambia hapo palikuwa na kazi, imekwisha.

Tulipoagana alinishika mkono tena. Alisema mwakani wanaanza daraja, na watahitaji mitaimbo.

Tulirudi Columbus chuma kikiwa kimelala kati yetu, ncha moja kwenye kioo cha mbele na nyingine kwenye kiti cha nyuma. Kila Neema alipofunga breki nilikishika kisituvunjie kioo. "Hata amekufa anakaa mbele," Neema akasema.

Jumapili baada ya ibada, nyumba ya Mama Neema ilijaa mpaka ngazini. Mzee Asukulu aliomba, kisha akaniashiria. Nilipanda na mtaimbo begani, nikamkabidhi shemeji mlangoni. Ulikuwa mzito kwake lakini hakutaka kusaidiwa. Aliupapasa mpaka vidole vikazipata zile alama tatu chini ya rangi. Aliinama, akaulaza ndani ya mlango, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto asimwamshe.

Halafu akainua kichwa.

"Nani alipaka hii rangi mbaya?"

Neema akasema, "Ni wazungu, mama."

"Etiene angewafukuza." Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, chenye kutu, lakini jirani wa chini aligonga dari, na watu waliomjua zamani wakaanza kucheka naye. Kina mama wakampeleka kuoga. Alirudi amevaa kitenge cha manjano, akakaa jikoni katikati ya wenzake, mgongo kwa mlango.

Ilibaki kumpata mrithi wa mtaimbo. Kwa desturi ni mimi. Mzee Asukulu alipouliza, nilisema ukweli: mgongo wangu ni mbovu, naishi mbali, na kazi ile sikuwahi kuifanya. Nikiuchukua utakaa nyuma ya kabati langu Louisville.

"Basi nani?" akauliza.

"Mi," Neema akasema.

"Weye? Binti?"

"Mi njo nilivuta, mi mwenyewe. Na mwakani kuna daraja."

Mzee alimtazama Mama Neema. Mama Neema alikuwa anachambua mboga. Hakugeuka. "Autoe rangi kwanza," akasema.

Jumatatu nilipanda basi kurudi Louisville. Nimejifunza nini? Si mengi. Nimejifunza kwamba watu wanaweza kumheshimu maiti wako kwa namna inayokuumiza, na kwamba ni afadhali kuwaambia, kwa sauti ya chini, kabla wageni hawajafika. Wengi watachukua nyundo wakusaidie.

Baada ya Cincinnati basi lilipita sambamba na njia ya treni. Mafundi walikuwa wamemaliza kazi, wanapanda gari lao. Nilisogeza uso kwenye kioo nikaangalia kwenye kokoto. Mitaimbo yao ilikuwa chini, yote.